Tabaka Mbili za Chokaa

Inatangazwa kwa walimu, wanafunzi, majirani na wapita njia wote kwamba Chuo Kikuu cha San Jacinto, mjini Sucre, Bolivia, kimepiga hatua ya kihistoria katika nyanja ya weupe. Mimi, Lisensiado, yaani mwenye shahada, Hermógenes Zárate, ndimi Katibu wa Kamati ya Chokaa. Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, na sijutii chochote kilichopitishwa kwa kura.

Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya tarehe 25 Mei, mji wetu mzima hupaka kuta chokaa. Hakuna anayeuliza kwa nini. Bibi asiyeweza kupanda ngazi hupaka mpaka mkono wake unapofika, na jirani humalizia. Chuo nacho hupaka ule ua wa zamani wa mapadri, wenye kuta nene kiasi kwamba ukiwa ndani husikii hata maandamano ya wanafunzi, jambo ambalo utawala unalithamini sana.

Ubavuni mwa ua huo limesimama Jengo Jipya: ghorofa tano za vioo vitupu, kazi ya msanifu kutoka La Paz. Asubuhi ndani ni baridi ya kung'ata, mchana walimu wanavua makoti na kuomba ruhusa, lakini ni la kisasa. Juu kabisa hukaa Rekta wetu, mkuu wa chuo, Daktari Fausto Urdininea. Kutoka pale anaona mapaa yote ya mji, na mji wote unamwona yeye akifikiri.

Kati ya ua na Jengo kipo kibanda cha bati cha buluu, cha Doña Benigna Yucra. Humo huuzwa salteña tangu enzi za mama yake: andazi la nyama lenye mchuzi tele ndani, na asiyejua kulishika hujimwagia kifuani. Nina tai tatu, zote zina ushahidi.

Mwezi Machi Rekta aliniita. Wageni wa heshima, wasanifu wanaotoa tuzo ya majengo, wangefika tarehe 24 Mei. Alikuwa amesimama dirishani, ananyoosha kidole chini.

"Zárate, kile kibanda kinaniharibia mandhari."

Nikamshauri kwamba kumfukuza mama wa salteña hivihivi kungezua balaa, maana mafundi wote wa chuo hula pale. Ilihitajika sheria. Kamati ikaundwa. Baada ya vikao tisa, vitatu vikiwa vya kuchagua mhuri, tukapata Kifungu cha Tatu: "Kwa kuwa mandhari ni mali ya wote, kila kitu kinachotazama mtaa, kiwe cha zamani au cha kisasa, kitapakwa chokaa tabaka mbili. Kisichopakwa kabla ya saa sita mchana tarehe 24 Mei kitaondolewa."

Ujanja ulikuwa kwenye chokaa yenyewe. Rangi ya mafuta tuliipiga marufuku, na kila mtu anajua kwamba chokaa haikai kwenye bati, ikikauka inapukutika. Maneno "kiwe cha zamani au cha kisasa" aliyaongeza Rekta kwa mkono wake, ili mama asije akajitetea kwamba bati ni jambo la kisasa. Tulimpigia makofi.

Nilipeleka ilani mwenyewe. Doña Benigna alifuta mikono kwenye aproni, akaisoma mara mbili, taratibu.

"Daktari," akaniambia, maana kwetu mwenye tai yeyote ni daktari, "bati langu likishika chokaa, nabaki?"

"Unabaki, kwa mujibu wa kifungu."

"Na ni kila kitu kinachotazama mtaa? Hamna cha mkubwa wala mdogo?"

"Kila kitu, mama. Sheria ni msumeno."

"Basi niandikie hapo chini, upige na mhuri."

Nikaandika, nikapiga mhuri. Nilimwonea huruma, sina haja ya kuficha. Miaka yote hiyo ananiwekea ile salteña ya pembeni, iliyoiva zaidi. Lakini huruma haikuwa na kifungu.

Tarehe 24, saa mbili asubuhi, Kamati ilifika kukagua. Kibanda kilikuwa cheupe pe. Nikakwangua kwa ukucha kama utaratibu unavyotaka. Ukucha ndio ulioumia. Kumbe mama alichanganya chokaa na chumvi na utomvu wa mpungate, ule mmea wa miiba, uliolowekwa siku tatu, kama bibi yake alivyokuwa akifanya. Mchanganyiko huo, alisema, unashika popote.

"Hata kwenye kioo," akaongeza, akitazama juu. "Hili jengo lenu halijapakwa, daktari. Ikifika saa sita mtaliondoa?"

Wanakamati walinitazama. Nilisoma Kifungu cha Tatu kuanzia mwanzo, kisha kuanzia mwisho. Ghorofa tano, na saa nne tu zimebaki. Fundi Sabino, mkubwa wa wapaka chokaa wa chuo, alimaliza salteña yake bila kudondosha hata tone, akasema kwamba vijana wake kumi na wanane wako tayari, na mama amebakiza mapipa sita.

Nilitia saini. Atakayeandika historia aandike kwamba siku ile niliokoa Jengo.

Vijana wa Sabino walining'inia kwa kamba wakaanzia juu. Rekta alikuwa mbele ya kioo cha kujitazamia, ameligeuzia dirisha mgongo, akifanya mazoezi ya hotuba. Baada ya muda simu yangu ikalia.

"Zárate, kuna mvua inakuja?"

"Hapana, Mheshimiwa Rekta. Ni utekelezaji."

Wageni walifika saa tano na nusu, tabaka ya pili ikimalizikia mlangoni. Mlango haukuonekana tena. Wakazunguka kidogo, wakaishia kwenye foleni ya kibanda, wakala salteña za mwisho za siku. Walikisifu sana kibanda, wakakipiga picha, wakaandika kwamba hapa zamani na kisasa vimepatana. Ndani, Rekta alikuwa bado anapapasa akitafuta kitasa.

Kukwangua haiwezekani. Kifungu cha Saba, tulichokiandika kumzuia mama asirudishie buluu yake, kinasema kwamba chokaa iliyokauka haiguswi bila kibali cha Kamati, na Kamati, sheria ikishapita, hukutana Mei kwa Mei. Kibanda chenyewe hakina kioo. Dirisha lake ni tundu, na tundu halipakwi.

Kwa hiyo penye mwanga mzuri kwenye mtaa wetu ni pale kwa Doña Benigna. Rekta aliyezoea kuonekana hawezi kukaa gizani nyuma ya vioo vilivyopakwa. Kila asubuhi hushuka na mafaili yake, akasaini barua juu ya kaunta, kati ya chupa ya pilipili na trei. Jana foleni ilikuwa ndefu, naye alikuwa ameziba tundu lote kwa mabega.

"Sogea pembeni, daktari," Doña Benigna akamwambia, kwa adabu tu. "Unawaharibia watu mandhari."

Rekta alisogea. Nimeliingiza kwenye kumbukumbu za Kamati.