Paa la Kigari cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kigari cha shamba cha baba mkwe kimepona. Fundi amebadilisha klachi na kukiosha, kinang'aa. Viti viwili, sehemu ya mizigo nyuma, paa jekundu la plastiki juu. Tangu goti la mzee ligome kukunja, hiki ndiyo miguu yake. Bila hicho hafiki hata kwenye mahindi yake.

Mke wangu akasema kaka yake atakipeleka. Huyo shemeji ana trela, ana mikanda ya kukazia mizigo, ana glavu! Hufunga mzigo utadhani unataka kutoroka. Nikasema hapana, nakipeleka mimi. Miaka tisa ya ndoa, mzee hajaniagiza hata kiberiti. Mke akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Ninayo.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kanipa trela, pamoja na hotuba. Mikanda minne: miwili mbele, miwili nyuma, ifungwe chini kwenye vyuma vya magurudumu, si juu kwenye bodi. Gia iingizwe, breki ya mkono ivutwe. Kigari kitazame mbele. Paa livuliwe. Nisimame baada ya kilomita kumi nikague. Niliitikia kwa adabu zote. Mikanda nikamwachia mwenyewe. Nina kamba yetu ya kuanikia nguo, nzima kabisa.

Halafu wazo likanijia. Nikipakie kinyumenyume! Nikifika nashuka nacho uso mbele, moja kwa moja hadi alipo mzee, napiga honi. Kikitazama mbele kama anavyotaka shemeji, itabidi nishuke kwa rivasi, namwelekezea baba mkwe matako ya gari. Heshima iko wapi hapo?

Jumatano, 5 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Kamba ilishika. Hilo lieleweke kwanza. Kilomita kumi nilizipita bila kusimama, redioni palikuwa na wimbo mtamu. Kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali nikasikia kishindo, kama mlango uliopigwa teke. Nikatazama kioo. Kitu chekundu kinapaa juu ya barabara, kinajigeuza taratibu. Nikajiuliza ni nini hicho. Ni paa! Lilitengenezwa likate upepo kwa mbele, mimi nimeupa upepo upande wa nyuma, umeingia chini na kulinyofoa.

Lori lililonifuata likalikanyaga. Dereva akasimama, akashuka. Akaniambia lingeruka chini kidogo tu lingemwingilia kiooni, na nyumbani ana watoto wanaomsubiri. Nilimwomba radhi mpaka nikaishiwa maneno. Nikaokota vipande, nikavitia kwenye buti.

Mzee alikuwa amesimama getini na mkongojo wake, amevaa shati la kutokea. Nikashuka uso mbele. Nikapiga honi. Akauliza paa liko wapi. Nikamwambia limevuliwa makusudi, daktari mmoja anashauri magoti yapigwe jua. Mungu anisamehe. Akanishukuru! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita mwanangu. Miaka tisa nimelisubiri neno hilo, nimelipata kwa uongo.

Ijumaa, 7 Machi

Mke kapiga simu kwao. Mzee anazunguka shambani juani tangu asubuhi hadi saa nane, kwa ajili ya goti. Shingo imembabuka. Anasema daktari wangu ni kiboko.

Mke akaniuliza ni daktari gani huyo. Nikamwambia yote, nikamwonyesha na vipande. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba juzi, kwa mara ya kwanza, baba yake alinisifu mbele ya kaka yake. Akaendelea kukunja nguo.

Nikampigia mzee, nikaungama. Akauliza kama yule dereva wa lori aliumia. Nikasema hapana. Akasema basi nitafute paa jingine, ila litaletwa na shemeji. Mimi nisilete kitu. Wakati wa kuagana aliniita bwana.

Jumapili, 9 Machi

Paa jipya limepatikana, jekundu vilevile. Shemeji anasema ana nafasi Jumatano. Jumatano! Na shingo ya mzee ilivyo? Nimekosa mimi, siwezi kumwacha aungue siku tatu zaidi. Nampelekea mwenyewe kesho alfajiri, juu ya gari langu dogo. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nje ya dirisha umelishika. Akiamka akaliona, huenda akaniita tena lile neno.

Nimelijaribu hapa uani kwa fundi, halitikisiki. Fundi akasema uani hakuna upepo, upepo uko barabarani. Nikamwambia ndiyo maana nitaendesha kwa kasi sana, nifike kabla haujaanza.