Mama Kiranja Anakuja

Jumapili, 13 Oktoba

Siku sita kabla ya mahafali. Kidato cha nne tunaondoka! Darasa bora kuliko yote yaliyowahi kupita shule hii, na nasema hivyo bila upendeleo. Tuliingia mia moja na kumi na wawili, tumebaki themanini na sita, na kati ya hao anayejua kupiga kengele ni mmoja tu.

Ni mimi. Silvanus Valeriani, kiranja wa kengele tangu kidato cha pili. Madaraka tuliyakabidhi kwa kidato cha tatu mwezi wa saba, lakini ile rimu ya gari la watalii iliyoning'inizwa kwenye mti nje ya ofisi bado naigonga mimi. Mrithi wangu anasubiri kuamshwa na kengele hiyo hiyo. Sijawahi kukosea saa. Isipokuwa mara moja, na hiyo haihesabiki.

Leo matroni kaniita kwenye simu. Mama, kutoka Kansay. Anakuja kwenye mahafali! Hajawahi kufika hapa. Kwenye vikao vya wazazi huja baba mdogo, ambaye husinzia kuanzia sala ya kufungua. Tena mama haji peke yake. Anakuja na wanawake kumi na wanne wa jumuiya ya kanisa, wamekodi Fuso, wameshona sare, wametunga na wimbo. Nikauliza wimbo wa nini. Akasema wa kumsifu kiranja mkuu.

Hapa lazima niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Nilipochaguliwa nilimpigia mama nikamwambia nimekuwa kiranja. Kweli tupu. Akauliza, kiranja mkuu? Simu ilikuwa inakatakata. Nikasema ndiyo. Neno moja tu! Jumapili iliyofuata akalitangaza jumuiyani, na tangu hapo Kansay nzima wanamwita Mama Kiranja. Mwenyekiti wa kitongoji akimsalimia anavua kofia.

Akijua, nitamtazama vipi? Na wale kumi na wanne watamtazama yeye vipi?

Siwezi kula. Nimekula nusu tu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, hakuna vipindi. Nafasi nzuri ya mpango wa kwanza: tai nyekundu. Kiranja mkuu peke yake ndiye anayevaa nyekundu, sisi wengine kijani. Mama akiniona na nyekundu shingoni, maswali yamekwisha.

Nikamwendea Sairowua, aliyekuwa kiranja mkuu wetu. Mtoto wa Loliondo, mrefu, mpole, hajawahi kumfokea mtu na bado hata walimu humpisha mlangoni. Nikamwomba tai kwa saa nne tu. Akasema angenipa hata kwa mwaka mzima, ila alishaikabidhi. Nilisahau! Mwenye tai sasa ni kijana wa kidato cha tatu, kimo cha ndoo mbili.

Kimo cha ndoo mbili akasema niombe kwa maandishi. Kwa maandishi! Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kubeba maji bila kumwaga. Nikaandika. Akasoma mpaka mwisho, akakunja karatasi, akasema hapana.

Jumanne, 15 Oktoba

Nailantei anaandika risala ya wahitimu. Ni katibu wa darasa, ametoka Arash, msichana wa kwanza wa boma lao kufika kidato cha nne, na anajua kuandika mpaka inauma. Leo katusomea ukurasa wa kwanza. Namna tulivyofika hapa bila kusikilizana, Wairaqw upande huu wa bwalo, Wamasai upande ule, ugali katikati. Namna bomba lilivyokauka kidato cha kwanza tukaogea kikombe kimoja kimoja. Namna sasa yeye anatukana kwa Kiiraqw na mimi naomba msamaha kwa Kimasai. Nilijisikia mtu mkubwa kwa kuwa mmoja wa darasa hili.

Halafu nikachungulia ukurasa wa pili. Unaanza na viongozi waliotuongoza. Majina yote! Yupo Sairowua. Utasomwa kwenye spika, mbele ya mama.

Nikamshauri kwa upole kwamba majina yanachosha wageni, aandike tu viongozi wetu wapendwa. Akasema miaka minne ya watu themanini na sita haiandikwi kwa kukwepakwepa. Yeye ataandika kilichotokea. Kisha akashika kalamu, akaniuliza usiku ule wa tembo, kidato cha pili, niliona nini kwanza.

Nikakumbuka nina nguo nimeloweka.

Huyu msichana ni hatari.

Jumatano, 16 Oktoba

Mpango wa pili, na huu ni wa kitaalamu! Risala haiwezi kuzuiwa. Lakini inaweza kufunikwa. Nailantei akifika ukurasa wa pili, kengele inalia. Watu watadhani ni ratiba. Majina yatapita chini ya mlio, na mama ataendelea kuwa Mama Kiranja mpaka Yesu arudi.

Leo kwenye mazoezi nikaujaribu. Alipofungua tu ukurasa wa pili, nikaigonga rimu. Haikusikika hata silabi! Tatizo dogo: wenzangu wote themanini na watano waliinuka, wakachukua sahani na kwenda bwaloni. Saa tatu na nusu asubuhi. Wengine walishafika kwa mpishi. Hayo ndiyo malezi yangu, na sioni sababu ya kuyaonea haya.

Mwalimu Cresensia wa nidhamu akaniuliza kengele ile ilikuwa ya nini. Nikasema ya saa. Akaitazama saa yake, akanitazama mimi, akarudia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mwalimu Cresensia kaishusha rimu! Kaifungia stoo pamoja na nondo yake. Kasema Jumamosi hakuna kengele, mshereheshaji ana maikrofoni. Nimesimama chini ya mti nikiangalia tawi tupu. Wenzangu waliopita walinipa pole, mmoja akavua na kofia. Sikujua kama mtu anaweza kufiwa na chuma.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mungu hamtupi mja wake. Lekishon!

Lekishon ni mlinzi wetu. Usiku analinda shule, mchana analisha ng'ombe wake kumi na tisa nyuma ya uzio. Ana kengele kubwa ya chuma, ya ng'ombe dume aliyekufa zamani, na mlio wake unafika barabara ya lami. Nikamwambia naihitaji kwa ajili ya igizo. Akanipa. Ila akanionya, ero, yaani kijana, piga mara mbili tatu tu, usiipige kwa kirefu. Jioni akiipiga kwa kirefu, ng'ombe wanajua amemwaga chumvi ya magadi, na wanakuja.

Nikaitikia ndiyo ndiyo. Nilikuwa napima kama inaenea chini ya koti.

Inaenea.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mikono yangu bado inanuka ng'ombe. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi Fuso ikafika. Ilisikika ikiimba kabla haijaonekana. Mama alishuka wa kwanza, kitenge cha njano, mkononi shada la maua ya karatasi pana kama ungo. Akanitazama shingoni. Tai ya kijani. Alininyooshea kola tu.

Tukaingia uwanjani tukiserebuka, themanini na sita, vumbi jekundu mpaka magotini. Wamasai wakiruka, sisi tukipiga makofi, kisha katikati tukabadilishana na kila mtu akafanya ya mwenzake vibaya kwa moyo wote. Hakuna darasa lililowahi kuingia namna ile. Machozi yalinilenga, nadhani kwa sababu ya vumbi.

Saa sita Nailantei akasimama na risala. Mimi nilikaa kiti cha mwisho, karibu na uzio. Ukurasa wa kwanza, watu wakacheka, mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafungua wa pili. Akasema, viongozi waliotuongoza.

Nikapiga.

Nilipiga kwa mikono miwili. Mdomo wa Nailantei ulikwenda, sauti haikutoka. Ushindi! Wenzangu nusu waliinuka kwa mazoea. Nikaona ukurasa bado mrefu, nikaongeza. Mara mbili tatu nilishazipita kitambo. Kisha nikahisi pumzi ya moto shingoni.

Wote kumi na tisa. Uzio walikuwa wameshaulaza. Walipita kwangu, chumvi hakuna, wakaingia chini ya turubai kuitafuta. Mmoja akamlamba mgeni rasmi mkono, akaonja, akahamia kwenye kipara. Ndama akala nusu ya shada la mama. Mshereheshaji alikimbia na maikrofoni, ndiyo maana wote tulimsikia anavyohema. Lekishon alikuja mbio kutoka getini akilia kwamba alisema mara mbili tatu, mara mbili tatu!

Na hapa ndipo nilipoliona darasa langu. Sairowua alipiga mluzi mmoja. Nailantei akaweka risala chini ya jiwe, akavunja fimbo kwenye ua. Watoto wa Arash wakaziba kushoto, watoto wa Kansay na Mbulu wakaziba kulia, waliokulia mjini wakabeba watoto wachanga na keki. Hakuna mwalimu aliyefungua kinywa. Dakika tano, ng'ombe wote nje, kwa mstari. Kwa mstari! Uwanja mzima ukapiga makofi. Mgeni rasmi, huku anajifuta, akasema amehudhuria mahafali mengi, lakini ni mara ya kwanza wahitimu kufanya mtihani wa vitendo mbele yake.

Nilikuwa napiga makofi pia, mpaka Mwalimu Cresensia akachukua maikrofoni. Akasema ukurasa wa pili haukusikika, kwa hiyo usomwe upya. Polepole.

Kiranja mkuu, Sairowua. Vichwa kumi na vinne vikageuka kumtazama mama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Nailantei akaendelea. Kiranja wa kengele, Silvanus Valeriani. Ametuamsha miaka mitatu, mvua na baridi ya Karatu, bila kukosa hata siku moja. Na usiku ule tembo walipotoka msituni na kuingia shamba la shule, wengine tukiwa tumelala, aligonga rimu peke yake mpaka wakarudi walikotoka. Mahindi tuliyokula mwaka ule ni kazi ya mkono wake.

Hayo ndiyo niliyoyafunika kwa kengele ya ng'ombe!

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha mama. Nakijua. Wanawake wa jumuiya wakainuka na wimbo wao, na walipofika kwenye kiranja mkuu wakaimba kiranja wa kengele. Haikuenea kwenye mdundo, wakaongeza mdundo.

Baadaye, kando ya Fuso, nilimwomba mama msamaha. Akasema alijua tangu mwaka jana. Kikao kimoja baba mdogo hakusinzia. Nikamuuliza mbona aliwaacha waendelee kumwita Mama Kiranja. Akauliza tangu lini kiranja wa kengele si kiranja. Kila likizo, akasema, alikuwa akipika, anakaa, anangoja nimwambie mwenyewe.

Hilo liliniuma kuliko chochote. Niliona aibu, na papo hapo nikaona fahari kuwa mtoto wake, vyote kwa pamoja, sikujua nianze na kipi. Akanivika kile kilichobaki cha shada. Akaniuliza kama kuna jingine nimemficha.

Nikasema hakuna.

Jumapili, 20 Oktoba

Asubuhi nzima nazoa samadi uwanjani kwa amri ya Mwalimu Cresensia. Sairowua na Nailantei wamekuja kunisaidia bila kuitwa. Darasa bora, nilisema!

Saa nane matroni kaniita kwenye simu. Mama. Ana furaha mpaka maneno yanagongana. Kansay hawamwiti tena Mama Kiranja. Tangu Fuso ilipoingia jana jioni ni Mama Tembo. Mwenyekiti wa kitongoji kavua kofia na kuinama. Katekista anaomba nikirudi niwasimulie watoto baada ya misa. Mama mwenyewe anataka kujua kwanza: walikuwa wangapi?

Hapa lazima niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Tembo sikuwaona. Usiku ule mwezi ulikuwa mweupe, nikaamka nikadhani kumekucha. Ilikuwa saa nane. Niligonga sana kwa kuwa hakuna aliyeamka. Habari za tembo nilizipata asubuhi kama kila mtu, kwenye nyayo, na watu wakawa wananishika mkono. Ningefanyaje, ninyime watu mkono?

Sasa ndio ulikuwa wakati wa kumwambia. Nilijua kabisa. Nikamkumbuka alivyokuwa akipika na kungoja. Nikavuta pumzi. Simu ilikuwa inakatakata.

Nikasema saba. Mmoja ana mtoto.