Bunduki ya Babu Yake Lavonne

Jumanne, 3 Septemba

Kengele imelia tena asubuhi. Gaylen, shemeji yangu, hawezi kupita mbele ya lango letu bila kuitikisa. Ni kengele ya ng'ombe tu, imekula kutu, lakini anayempiga nyati wa chuma siku ya mashindano ndiye anayekaa nayo mwaka mzima. Gaylen ameifunga kwenye pikapu yake. Makusudi.

Nyati mwenyewe amesimamishwa ng'ambo ya kijito, mbali kweli kweli. Mwaka jana risasi zangu zote ziliangukia majini. Mchungaji akaniuliza kama siku hizi navua samaki kwa bunduki. Mchungaji mzima.

Kosa si langu. Bunduki yetu ni ya babu yake Lavonne, mke wangu. Ilitengenezwa enzi za baruti nyeusi, ile dhaifu ya zamani, na kifuniko chake cha nyuma hufunguka kwenda juu kama cha sanduku. Babu alilisha watoto saba kwa bunduki hiyo. Risasi zake tunazijaza wenyewe bandani, kama watu wote wa hapa, na baruti kidogo. Kidogo mno. Gaylen naye ana bunduki ya umbo lile lile, ila imetoka kiwandani juzijuzi, na inakula risasi ya kipimo kile kile. Yeye anashindilia baruti mpaka basi, na risasi yake inakwenda imenyooka.

Kipimo kile kile. Nimelitafakari hilo chakula chote cha jioni. Lavonne akaniuliza navichekea nini viazi.

Ijumaa, 6 Septemba

Kitabu cha kujazia risasi kina kurasa mbili za risasi hii. Ukurasa mmoja ni wa bunduki kongwe, wa pili ni wa bunduki za sasa. Ule wa kongwe umejaa maonyo. Umeandikwa na waoga. Nimeugeuza.

Nimejaza nane kwa kufuata ukurasa wa pili, nikazitia wino mwekundu kitakoni zisichanganyike na zile pole za baruti kidogo. Mimi si mjinga.

Lavonne alipokwenda mjini nikajaribu mbili bondeni. Ya kwanza, bega! Lakini vumbi lilitimka ng'ambo ya kijito. Ng'ambo! Kifuniko kikagoma kufunguka, nikakigonga kwa mpini wa kisu. Ya pili, ganda la risasi likang'ang'ania ndani, likatoka kwa kusukumwa na ufito. Fataki yake, ile ya kitakoni inayowasha baruti, ilikuwa imelala bapa kama sarafu iliyokanyagwa na treni. Kitabu kinasema hizo ni dalili za baruti kuzidi. Mimi nasema ni uchafu tu. Nimesafisha.

Zimebaki sita, na mashindano yanataka tano. Moja ya akiba. Nimelala nikiwaza pa kuitundika kengele.

Jumapili, 8 Septemba

Bega limekuwa rangi ya zambarau. Kanisani Gaylen alinipiga kofi la upendo palepale, nikauma meno na kumwambia Bwana asifiwe.

Halafu Lavonne, mbele ya watu, huku anagawa chapati za viazi, akatangaza kwamba mwaka huu anapiga yeye. Bunduki ni ya babu yake, akasema, na mimi samaki nimeshawalisha vya kutosha. Watu wakapiga meza. Ana shabaha kuliko mimi. Tarafa nzima inajua, na hata mimi najua, ila sipendi kuliandika.

Nimewaza niziache zile nyekundu pamoja na zile pole, apige nazo, tushinde, nimwambie baadaye. Nimeliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko inavyopasa. Kisha nikalikumbuka lile ganda lililong'ang'ania. Mtu akilenga, shavu lake linalala karibu kabisa na kile kifuniko. Kikifumuka, kinachokutana nacho kwanza ni uso. Nitaziondoa.

Jumatano, 11 Septemba

Nimechelewa. Lavonne amezifuta risasi zote, moja moja, kwa kitambaa na mafuta. Anasema alikuta zina alama za vidole vyangu vichafu, nyingine nyekundu kabisa, sijui nilikuwa nakula nini. Amezipanga kwenye mkanda wa ngozi wa babu, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Sasa sita zile ziko humo na zile pole, na zote zimefanana.

Nimezipima kwenye mizani. Maganda yenyewe hayalingani uzito, sikuambulia kitu. Nikafikiri nijaze mpya nibadilishe, lakini maganda yote tuliyo nayo yako kwenye mkanda huo huo, na kifaa cha kuzifungulia anacho Gaylen.

Dawa ninaijua. Ni sentensi moja. Nimeianza mara kadhaa leo. Kila nikiianza, Lavonne anainua uso kunitazama, nami najikuta nimeuliza kama mvua itanyesha. Alinioa nikiwa na nywele, niseme ukweli, maana ndiye aliyeniposa. Amenizoea kuwa mjinga wa mambo madogo madogo. Hili si dogo.

Nimeamua. Jumamosi nitaugua.

Jumamosi, 14 Septemba

Gaylen alipiga wa kwanza, nyati akalia ngo! Akaitikisa kengele.

Zamu ya Lavonne ikafika. Alikuwa amevaa koti la babu. Alipoanza kuchuchumaa nikashika kifua, nikatoa sauti, nikaanguka majanini. Nilianguka vizuri, hata nikaumia kiwiko.

Hakuna aliyekuja. Gaylen aliwaeleza wageni kwamba shemeji yake ndivyo alivyo, mwaka juzi alikufa hivi hivi alipokuwa anashindwa katika mchezo wa kurusha viatu vya farasi. Lavonne hata hakugeuka. Akasema, "Amka mzee, majani yana kupe." Akachomoa risasi mkandani, akaisukuma ndani, akafunga kifuniko. Nikasikia kibanio chake kikilia.

Akalaza shavu.

Nikapiga kelele kutoka pale chini. Nikamwambia asifyatue, nimezidisha baruti, sita kati ya hizo ni za bunduki za sasa, na sijui ni zipi kwa sababu amezifuta. Hilo la mwisho sijui kwa nini niliona nilitaje.

Lavonne akainua uso polepole, akafungua, akatoa risasi, akaishika kiganjani. Nilitegemea matusi, ningeyapokea kwa mikono miwili. Akasema tu, "Nimeegemeza shavu langu hapa, Orrin."

Hakuna aliyecheka. Hata pai alilokuja nalo mchungaji halikuguswa. Nimeona aibu ambayo sikujua kama bado ninayo kwa kiasi hicho.

Jumapili, 15 Septemba

Gaylen alikuja kunichukua baada ya ibada, maana ana nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi. Tumezifungua zote bandani kwake, tunamwaga baruti kwenye mizani. Ile iliyokuwa ndani ya bunduki jana Lavonne aliitenga mfukoni mwa koti. Tuliiacha iwe ya mwisho. Gaylen aliimwaga, akatazama, kisha akanisogezea mizani nitazame mwenyewe.

Ilikuwa moja ya zile sita.

Gaylen akaitazama na bunduki yenyewe. Bawaba ya kifuniko ina ufa mwembamba kama unywele. Zile mbili za bondeni ndizo zilizoufanya. Akasema chuma cha zamani si kibovu, shemeji, kilifanya kazi kiliyopewa, sisi ndio tunaokipa kazi ya mtu mwingine. Hakunidhihaki hata kidogo. Akanirudisha nyumbani, na alipopita langoni aliishika kengele kwa mkono isilie.

Hilo ndilo limenimaliza. Lavonne ameitundika bunduki ukutani, haitapigwa tena. Amesema amenisamehe. Anaosha vyombo kwa sauti kubwa.

Nimeapa, na naandika hapa niione kila siku: kitu kikongwe kisibebeshwe nguvu ya kipya. Kamwe.

Alhamisi, 19 Septemba

Siku njema. Kengele imelia tena langoni, maana yake Gaylen amerudi katika hali yake, na msiba umekwisha.

Nimepigwa marufuku kuingia bandani, basi namsaidia Lavonne jikoni. Tunapika nyama ya kulungu ya kuhifadhi kwenye chupa. Jumamosi kuna maonyesho ya vyakula ukumbini, na Ardith, mke wa Gaylen, huchukua utepe wa bluu wa mshindi wa kwanza kila mwaka. Sufuria yake ya presha ni mpya, inaivisha haraka na nyama inatoka laini. Yetu ni ya marehemu mama mkwe. Kwa kizito chake kile cha juu, cha kuzuia mvuke, inachukua saa moja na nusu. Ni mvuke kidogo. Kidogo mno.

Lakini inaingia chupa saba, sawa na ya Ardith. Kipimo kile kile.

Nimeongeza nati ya trekta juu ya kizito. Ndogo tu. Baruti hapa haihusiki, kwa hiyo kiapo kiko palepale. Mvuke sasa hautoki ovyo, na sindano ya kipima presha imepita mstari mwekundu bila shida yoyote. Lavonne anasema sufuria inapiga mluzi ambao hajapata kuusikia tangu enzi za mama yake. Ameinama juu ya jiko anausikiliza, ameweka sikio karibu.

Nimemwambia ni uchafu tu.