Kamera Mbili na Boza la Nzugilo

Ijulikane kwa wananchi wote, wakulima kwa wafugaji, wenye simu na wasio nazo, kwamba kuanzia mwezi huu hakuna maendeleo yatakayoruhusiwa kutokea wilayani bila kupigwa picha, wala hakuna picha itakayoruhusiwa kupigwa kabla Kamati ya Kulinganisha Kamera haijamaliza kulinganisha.

Ndivyo alivyotamka Mkurugenzi, Bwana Sostenes. Alitamka kwa sauti ya uwanjani, ingawa ukumbini walikuwamo watu wawili tu, tena wamekaa karibu naye kiasi cha kusikia tumbo lake likinguruma. Mmoja alikuwa Yotham, Afisa Habari, aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali. Alikuwa bado hajathibitishwa kazini, na mtu wa hivyo hata kupiga chafya huomba ruhusa. Mwingine alikuwa Bi Zuleha, Afisa Ugavi, mtoto wa mjini Dodoma, aliyekulia dukani kwa babake na hakuwa na subira na mtu anayenunua kitu kwa hotuba.

Mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, kulikuwa na kamera mbili zilizoazimwa dukani kwa Abdulrazaki. Moja kubwa, nyeusi, yenye lenzi iliyojitokeza kama pua ya mtu mwenye madaraka. Nyingine ndogo, kiasi cha kipande cha sabuni.

"Hii kubwa, Mkurugenzi, ni ya daraja la wanaoanza," Yotham alieleza. "Ni ya aina hizi mpya ambazo kile kioo cha ndani kimeondolewa."

"Kimeondolewa na nani?"

"Na kiwanda."

"Kwa kibali?"

Bi Zuleha alikohoa. "Kimeondolewa ili iwe nyepesi, Mkurugenzi. Ndivyo zilivyo."

"Iandikwe kwamba kamati iliipokea ikiwa tayari pungufu."

Ikaandikwa. Yotham akaendelea, taratibu, kama mtu anayemmenyea mgonjwa chungwa. Kubwa unaweza kuing'oa lenzi ukaweka nyingine, ya mbali au ya karibu. Kwenye giza la ukumbi umeme ukikatika, yenyewe bado inaona. Ndogo haing'oki kitu. Ilivyozaliwa ndivyo itakavyokufa. Gizani inatoa picha ya chengachenga, kama uji wa mtama usiochekechwa. Lakini inaingia mfuko wa shati, na inavuta kitu cha mbali mpaka ukahesabu meno ya mbuzi aliye ng'ambo ya korongo.

"Hiyo kubwa, kwa hiyo, ukishainunua hujamaliza kununua," alisema Bi Zuleha. "Kuna lenzi zake. Na kwa upepo huu wa kwetu, ukiifungua nje ubadilishe lenzi, umelikaribisha vumbi la Dodoma lote likae ndani."

"Ipi ina heshima zaidi?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kubwa ina mkanda wa shingoni."

"Ahaa."

Ikafuata hatua ya majaribio. Mkurugenzi alisimama uwanjani, kifua mbele. Nyuma yake ilikuwapo zahanati ambayo haijapata paa, na kwenye dirisha la wodi ya wazazi alikuwa amesimama mbuzi. Yotham alipiga kwa ndogo, akapiga kwa kubwa, kisha wakainamia picha wote.

Ya ndogo ilimwonyesha Mkurugenzi, zahanati na mbuzi, kila mmoja waziwazi na kwa haki sawa. Ya kubwa ilimwonyesha Mkurugenzi peke yake, mpaka unywele wa sikioni. Nyuma kulikuwa na ukungu mwororo, kama asubuhi ya mlimani.

"Zahanati iko wapi?"

"Imo, Mkurugenzi. Hii inashika uso, ya nyuma inayaachia yawe ukungu."

Mkurugenzi aligutuka kama mtu aliyesikia jina lake kanisani bila kutarajia. "Yaani changamoto zote zinabaki nyuma?"

"Zikiwa nyuma, ndiyo."

Kamati ikapitisha kamera kubwa kwa sauti moja, nayo ilikuwa ya Mkurugenzi.

Kazi ya kwanza ilikuwa Nzugilo, kijiji kilicho mbele kidogo ya Mlali. Kisima kirefu kilikuwa kimechimbwa, bomba limejengwa na kupakwa rangi ya bluu iliyopendeza sana. Pampu tu ndiyo ilikuwa njiani, tangu mwaka juzi. Mkubwa mmoja kutoka wizarani alikuwa tayari kuja kuzindua, ila alitaka kwanza atumiwe picha ya maji ya kwanza yakitoka.

"Yatatoka," alisema Mkurugenzi, kwa utulivu wa mtu mwenye boza. Kweli alikuwa nalo, gari la tangi la kumwagilia shamba lake la zabibu. Lingeegeshwa nyuma ya bomba, mpira uunganishwe kwa chini, na dereva wake Meshack afungulie akisikia filimbi. Ubavuni boza lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu SOSTENES NA WANAWE, ZABIBU BORA, lakini hilo lilikuwa nyuma, na mambo ya nyuma yalikwisha kutolewa uamuzi. "Yotham, picha ikitoka vizuri, barua yako ya kuthibitishwa naitia sahihi palepale, juu ya boneti."

Yotham alishukuru. Hakusema kwamba Nzugilo ni ukweni kwake. Mkewe, Hana, alizaliwa pale, na asubuhi ile alimwekea chai mezani kwa kishindo kidogo.

"Mama bado anachota lamboni na ng'ombe," Hana alisema. "Wewe nenda kapige picha."

"Hana, mimi niko kwenye kipindi cha majaribio."

"Na yeye yuko kwenye kipindi cha kiu. Kunywa chai yako."

Nzugilo watu walikuwa wamejaa, ndoo zikiwa mbele yao kama watoto waliovalishwa kwenda kupigwa picha. Mkurugenzi akapaza sauti: "Mbukwenyi!" Salamu hiyo ya Kigogo alikuwa ameifanyia mazoezi garini. Watu wakaitikia, "Mbukwa!" Kisha akaomba aletewe mnufaika mwenye sura ya kunufaika. Wakamsogeza mwenyekiti wa kamati ya maji, Mama Penina, mwembamba, kanga mbili zimemkaa sawasawa. Akapewa kikombe. Yotham akainua kamera kubwa.

Mama Penina alimwona aliyekuwa nyuma ya lenzi. Akavuta kanga mpaka juu ya kichwa, akageuka, akawapa mgongo wote na kulitazama boza.

"Mama, geukia kamera," alisema Mkurugenzi.

"Siwezi, baba. Mkwe ananitazama."

"Mkwe gani? Huyo ni Afisa Habari."

"Akitoka kazini huwa anarudi kwa nani? Kwa ofisi?"

Watu wakaangua kicheko. Yotham alikuwa ameinamisha macho kama mtu aliyeangusha sindano, maana naye alilelewa. Kwa Wagogo mtu hamkodolei macho mama mkwe, sembuse kumkodolea kwa jicho la kiwandani.

"Leteni mnufaika mwingine!"

"Mwingine hayupo," alisema mzee Seth, aliyekuwa amekalia ndoo yake. "Mwenyekiti yupo halafu anywe mwingine kwanza? Hizi ndoo sisi tutazirudisha nyumbani tupu, tumezoea."

"Basi kamera ishikwe na mtu mwingine!"

"Mwongozo ulioutia sahihi, Mkurugenzi," alisema Bi Zuleha, "unasema kamera itashikwa na Afisa Habari peke yake." Akafungua mkoba, akatoa ile kamera ndogo, iliyokuwa bado haijarudishwa dukani. "Lakini hii inavuta kutoka mbali. Akasimame kule kwenye kichuguu. Mama hatamwona mkwe, na uso wa mama tutaupata."

Mkurugenzi alitaka kukataa. Simu yake ikalia. "Picha inakuja, Mheshimiwa! Iko njiani!" Alipoikata alikuwa ametoka jasho. "Nenda kichuguuni. Haraka!"

Yotham alipokuwa anapita, Mama Penina akasema, mgongo ukiwa bado umewaelekea: "Bi mkubwa, mwambie mkwe wangu namshukuru kwa kumtunza mwanangu. Mwambie pia, mjukuu alipokuja kunisalimu nilimwogesha kwa maji ya lambo, akatoka vipele mwili mzima. Niliona haya kumwambia."

Yotham alikuwa amesimama hapo hapo, angeweza kumgusa bega. Bi Zuleha akamgeukia. "Umesikia?"

"Mwambie nimesikia."

Kule kichuguuni aliivuta picha karibu. Mkurugenzi alikuwamo, kikombe kilikuwamo, na uso wa Mama Penina ulikuwamo, kwa kuwa sasa alikuwa amegeuka. Kwa pembe ile boza lilibaki nje ya picha. Ilikuwa picha safi ya kuthibitishwa kazini. Filimbi ikalia, Meshack akafungulia, maji yakaruka, watu wakapiga vigelegele ambavyo havikuwa vya maigizo, kwa sababu maji hata yakiwa ya uongo ni maji.

Yotham alikaa na kidole kwenye kitufe. Akakumbuka mtoto anavyojikuna. Halafu akaisukuma ile swichi ya kuvutia kinyume, picha ikatanuka, taratibu, kulia na kushoto, mpaka boza likaingia lote, na mpira wake, na Meshack akiwa ameshika koki kwa mkono mmoja na soda kwa mkono mwingine. Kamera ndogo haijui kusahau. Akabonyeza.

"Nimetokea?" Mkurugenzi alipaza sauti kutoka bombani.

"Umetokea, Mkurugenzi!"

"Na nyuma?"

"Nyuma pia!"

"Vizuri sana! Tuma!"

Ikahamishiwa kwenye simu, ikatumwa. Haukupita muda simu ikalia, na Mkurugenzi, ili wananchi wanufaike na pongezi, akaiweka sauti ya juu.

"Sostenes! Hongera sana! Picha inaonekana mpaka kokoto. Kumbe umelitoa boza lako mwenyewe la shambani? Wenzako wanakaa kusubiri pampu, wewe umejitolea!"

"Mheshimiwa, lile boza, kusema kweli..."

"Najua, unaona haya kusifiwa. Picha nimeshaipandisha juu, wakubwa wameipenda. Sasa boza lisihame hapo mpaka pampu ifungwe. Kila asubuhi nitumiwe picha likiwepo, na apige huyu huyu kijana. Amethibitishwa huyo?"

"Yuko mbioni, Mheshimiwa."

"Mthibitishe."

Simu ikakatika. Hakuna aliyejua kama yule mkubwa kule wizarani alikuwa anacheka au la. Wakubwa wa hivyo hucheka kwa ndani. Barua ikatiwa sahihi juu ya boneti, kama ilivyoahidiwa, kalamu ikikwaruza.

Boza likakaa Nzugilo. Meshack alikwenda kulijaza na kulirudisha, na ufunguo wa koki alikaa nao Mama Penina, ameufunga kwenye pindo la kanga. Jua nalo halikujua itifaki. Upande wa shambani zabibu zilianza kunyong'onyea, majani yakajikunja kama mikono ya mwombaji.

Asubuhi moja gari la Mkurugenzi likafika bombani, nyuma limejaa madumu. Akashuka mwenyewe, akanyoosha koti, akaenda moja kwa moja mbele ya watu.

"Shikamoo, Mkurugenzi," walimwamkia vijana.

"Marahaba, marahaba. Mama Penina, nijazie haya upesi, zabibu zinakufa."

"Karibu, baba. Foleni inaanzia kule kwa Bibi Jaha."

"Mama, mimi ndiye mwenye boza."

"Tunajua, baba. Tumekuona kwenye picha."

Akapanga foleni. Madumu yake aliyasogeza kwa mguu, moja moja, na kila aliyemkuta pale alimpongeza kwa moyo wake wa kujitolea.

Pampu iliyokuwa njiani tangu mwaka juzi iliingia Nzugilo kabla wiki haijaisha. Ililetwa na gari la Mkurugenzi mwenyewe, imekalishwa kiti cha mbele na kufungwa mkanda. Yeye alikaa nyuma.