Ubatizo wa Droni ya Kwanza ya Kalemie

Waheshimiwa wakubwa wote mlioketi kwenye viti vyenye mgongo, waheshimiwa wa kawaida mlioketi kwenye benchi, wawakilishi wa bandari, wa gare ya treni na wa soko la samaki wa ndagala, mababa mapadri na wachungaji, kila mmoja kwa cheo chake na kwa kanisa lake, Mama Christiane, mama wa ubatizo wa siku ya leo, mfanyabiashara ambaye samaki wake wanafika Manono kabla ya habari zetu kufika, wakubwa wa ulinzi, wenye sare, na wale wasio na sare ambao hatuwataji lakini tunawaona, wakuu wa mitaa na avenue, wanafunzi, wanainchi mliokuja kwa mapenzi yenu na ninyi mliokuja kwa sababu mlisikia kuna Fanta: mimi, Anatole Kalenga, Mratibu wa Muda lakini wa Kudumu wa Kordinasio ya Vyombo Virukavyo Bila Mtu Ndani, nawasalimu mara ya kwanza kwa jina la ofisi, mara ya pili kwa jina langu mwenyewe, na protokole yote iliyobaki naomba ihesabiwe kuwa imefuatwa.

(Makofi. Mimi pia nilipiga. Niko benchi ya nyuma pamoja na Urbain, tunasoma darasa moja. Kile kilichofunikwa kitenge pale mezani, mbele ya Papa Mratibu, njo droni yangu. Niliiunda mwenyewe kwetu, kwa mota zilizokuja na boti kutoka Kigoma ndani ya mfuko wa mchele. Juma lililopita Papa Mratibu alikuja nyumbani, akamwambia mama: "Mutupatie tu kwa maonyesho. Siku ya sherehe mutoto atapata karatasi ya ruhusa mbele ya watu wote, na atairusha mwenyewe juu ya ziwa." Bila karatasi ile, wale wasio na sare wataichukua siku ya kwanza tu nitakapoirusha. Basi nilitoa. Kumukatalia mukubwa sijui.)

Wanainchi wapendwa, tumechelewa kuanza kwa muda wa saa tatu, na nataka niseme wazi kwamba ucheleweshaji huo ulipangwa, ulijadiliwa katika mikutano, yaani reyinio mbili, na ukapitishwa bila kupingwa, kwa sababu jambo kubwa likianza kwa wakati wake watu hudhani ni jambo dogo. Wengi mnajiuliza: droni ni kitu gani? Komisio yetu ya kitekiniki ilikaa siku tisa, ikala mara kumi na nane, ikatoa jibu ambalo leo nawaletea likiwa bado la moto: droni ni ndege ambayo rubani wake amebaki chini pamoja na wanainchi. Na ni nani, katika provinsi hii, amebaki chini pamoja na wanainchi miaka kumi na moja bila kupanda hata cheo kimoja? (Vicheko. Kijana wa protokole akatugeukia, vikawa makofi.) Asanteni. Mimi sikutaka kusema. Mmesema ninyi.

Vijana wananisimamisha barabarani, hata nikiwa juu ya pikipiki, wananiuliza: Papa Mratibu, mtu akitaka kuanza mchezo huu wa droni, aanzie wapi? Nawajibu kwa upole wa baba. Kijana mwenye haraka huanza na fremu, akafunga mota nne, akaweka kile kibongo kidogo cha umeme kinachoshika usawa, akaunga betri, akatafuta rimoti. Na huko njo kuanzia mwisho. Kwa mujibu wa mwongozo wetu, ujenzi wa droni unaanza na biro, yaani ofisi. Baada ya biro, kibao cha biro. Baada ya kibao, muhuri, kwa sababu droni isiyo na muhuri ni mdudu. Kisha komite, yenye rais, makamu wa rais, makamu wa makamu, na washauri wawili wenye ndevu za kutosha. Fremu inakuja nafasi ya tisa, na leo nawatangazia kwa furaha kwamba tumefika ya nne na nusu.

Nilipoipokea droni hii, yaani nilipoiunda, yaani ilipoundwa chini ya uangalizi wangu, niliifanyia ukaguzi wa kina, na nikagundua jambo lililoninyima usingizi: mapangaboi yake mawili yanazunguka kwenda kulia, na mawili yanazunguka kwenda kushoto. Nikasema, hapana! Katika inchi moja? Katika provinsi moja? Juu ya fremu moja? Nimekwisha kutia saini agizo kwamba kuanzia mwaka ujao mapanga yote manne, bila kujali yametoka wapi, yatazunguka upande mmoja, upande wa umoja.

(Makofi makubwa. Na yangu. "Yakienda yote upande mumoja, itajizungukia kama kuku aliyekatwa kichwa," nilimunong'oneza Urbain.

"Mwambie yeye, si mie."

"Weye njo uko na sauti."

"Mie niko na sauti, weye uko na droni. Kila mutu na mzigo wake.")

Nije kwenye takwimu, kwa maana hotuba bila takwimu ni hadithi. Asilimia tisini na saba ya vijana wa Kalemie wamefaidika na mradi huu. Asilimia tatu iliyobaki ilikuwa imesafiri kwenda Bendera. Kufikia mwisho wa awamu ya kwanza, droni zetu zitapeleka dawa Mpala, zitafukuza viboko kwenye mto Lukuga kwa lugha wanayoielewa, zitahesabu mitumbwi usiku na mchana, na zitafikisha ndagala Lubumbashi wakiwa bado wanashangaa. Awamu ya pili itafanya yaleyale, lakini kwa kasi.

Sasa sheria za kurusha, na hapa naomba hata wenye kusinzia wasinzie kwa makini. Droni isitoke mbele ya macho ya anayeirusha, na anayeirusha asitoke mbele ya macho yetu. Isiruke juu ya watu waliokusanyika, isipokuwa wanapiga makofi. Isikaribie uwanja wa ndege, wala bandari, wala kambi, wala nyumba yangu, hasa Jumapili mchana ninapokuwa nimevaa bukta. Isipande juu kuliko cheo cha aliyetoa ruhusa. Upepo wa ziwa ukianza, droni ishuke mara moja; na upepo ukiendelea, uitwe bironi ujieleze. Anayetaka ruhusa ataleta picha nne za paspoti, mbili zake na mbili za droni, moja ya droni ikiwa imetazama pembeni.

(Nilikuwa nangojea neno lile, ruhusa. Nilishika ukingo wa benchi, tayari kusimama jina langu likiitwa. Alilipita tu, kama boti inavyopita Mpala ikikosa wa kushuka.)

Na usalama wa betri! Vitabu vya wageni vinasema betri za namna hii zisichajiwe kupita kiasi, zisipewe chaja isiyo yake, wala zisiachwe peke yake. Wageni wana vitabu vyao, sisi tuna uzoefu wetu. Tangu Jumatatu umeme unaotoka Bendera uliporudi, betri hii imechajiwa ndani ya chumba changu mwenyewe, chini ya kitanda changu mwenyewe, kwa chaja ya redio yangu mwenyewe, bila kuchomolewa hata mara moja. Ilifika kwangu nyembamba kama biskuti. Leo nawaletea imenenepa kama mkate. Kuna watu wakikabidhiwa mtoto wanamrudisha amekonda. Si mimi!

(Makofi. Yangu yalikatika katikati. Betri ya namna ile ikivimba, imekufa, na kufa kwake si kwa amani: nyaya zikigusana, ao ikimwagikiwa kitu, inaweza kuwaka moto ambao hauzimiki kwa kupuliza. Nilimweleza Urbain hayo yote kwa haraka. Urbain aliangalia kwanza mulango uko wapi.)

Wanainchi, tumefika kileleni. Mnajua desturi yetu: hapa boti haibebi abiria bila kubatizwa, gari halibebi magunia bila kubatizwa, hata mwenzetu akitoa kitabu tunakimwagia kinywaji, tunakipa baba na mama, ndipo tunakisoma, kama tunakisoma. Je, droni, kitinda mimba wa teknolojia, iingie angani kama mpagani? (Watu: Hapanaaa!) Mama Christiane, simama. Mama ametoa chupa mbili za mvinyo mtamu wenye povu, na yeye peke yake amechagua jina. Mama, jina?

(Mama Christiane alisimama, wigi mpya, kitenge kipya, akainua kidevu: "Itaitwa Anatole." Watu walipiga vigelegele. Papa Mratibu akatoa kitambaa, akajifuta macho.)

Hilo sikulitazamia kabisa, hata siku ile nilipomshauri. Protokole, funueni! Na betri iungwe, taa ziwake, kwa sababu picha bila taa haina ushawishi kwa wafadhili. Mama, mwaga kwa wingi, mwaga katikati, pale kwenye kibongo, ili hekima iingie.

(Kitenge kilitolewa. Taa zangu nne ziliwaka, mbili nyekundu mbele, mbili kijani nyuma, kama nilivyoziweka. Betri ilikuwa imevimba mpaka mukanda wake unaomba kukatika. Mama Christiane alifungua chupa, povu likaanza kupanda.

"Sema," Urbain akanisukuma.

"Siwezi."

"Itaungua."

"Najua."

"Na Mama Christiane ataungua nayo. Ile wigi ni nailoni, Joëlle!"

Darasani, nikiulizwa kwa Kifaransa nasahau Kifaransa, nikiulizwa kwa Kiswahili nasahau Kiswahili. Nilisimama bila lugha hata moja, nikaanza kutembea kati ya viti.)

Tunamwona binti mmoja anakaribia, na ni vizuri, vijana wana hamu ya maendeleo. Binti, maswali bado. Maswali yamepangwa kwa mwaka ujao. Binti. Protokole, huyu yuko kwenye programu?

("Hapana, Papa Mratibu," nilisema, na mikro ilikuwa karibu, ikaipeleka ile hapana yangu mpaka barabarani. "Mama, samahani, usimwage. Itawaka moto."

Mama Christiane alisimamisha chupa hewani. "Moto wa nini, mutoto wangu?"

"Wa betri, Mama. Imevimba."

Akainama, akaitazama. Akainuka, akamtazama Papa Mratibu. "Na weye ulilala juu ya hii kitu? Juma nzima?"

Watu wakacheka, safari hii protokole hakugeuka, naye alikuwa anacheka. Nilichomoa waya. Taa zikazima. Betri nilimupa Urbain: "Peleka kule kwenye muchanga, pembeni ya maji, mbali na watu. Pole pole, usikimbie." Akakimbia. Halafu nilichukua kitenge, nikafunga droni yangu vizuri kama vile mama anavyofunga mutoto, nikaipakata.)

Kama mlivyoshuhudia, wanainchi, hilo lilikuwa zoezi la usalama, nalo lilipangwa. Mmejifunza kanuni ya mwisho, ambayo nilikuwa nimeificha makusudi ili ionekane kwa vitendo: droni salama kuliko zote ni ile ambayo haipo. Lakini chupa imekwisha kufunguliwa, na povu halirudi ndani, na ubatizo ukiisha kutangazwa hauahirishwi. Mama Christiane, endelea. Hapo hapo mezani, mahali ilipokuwa. Anatole, karibu angani!

(Mama Christiane alinikonyeza, akamwaga. Mvinyo ulikimbia juu ya meza tupu, ukashukia viatu vya protokole. Picha zilipigwa, nyingi sana. "Papa Mratibu," nikasema, maana mudomo ukishafunguka hauombi tena ruhusa, "na karatasi yangu?")

Binti anauliza ruhusa, na swali lake ni la msingi. Ruhusa itatolewa na Kordinasio, bila upendeleo wala kuchelewa, mara tu Kordinasio itakapokuwa imeundwa. Mpaka hapo, nawaachia wito wetu. Droni, juu! (Juu!) Kalemie, juu! (Juu!) Kordinasio, juu! (Juu kidogo!)

Nimalize kwa shukrani, kwa sababu mimi si mtu wa kujisifu peke yangu. Namshukuru Papa Rubens, mwenye ukumbi, aliyetupatia sale hii mpaka saa tisa, na nawaomba radhi maharusi wanaongojea mlangoni, mapambo ni yao, hatukugusa. Namshukuru seremala aliyetuazima kibao cha Kordinasio, ambacho upande wa pili bado kinasema hapa tunauza makala ya kupikia. Nawashukuru vijana thelathini wa kwaya mlioketi mbele mkiwakilisha wafunzwa wetu. Msisahau kuvua zile shati za mradi kabla ya kunywa Fanta. Naishukuru familia iliyotuazima droni, na binti aliyeirudisha kwao kabla hatujafikiria kuirudisha. Na kwa namna ya pekee namshukuru mpiga picha, kwa sababu kwa picha hizi, hatimaye, tunaweza kupanda ndege kwenda Kinshasa kuomba mradi uanze. Asanteni kwa kuzindua pamoja nami kitu ambacho, Mungu akipenda, siku moja kitakuwepo.

(Makofi marefu, hata maharusi walipiga kutoka mulangoni. Mimi sikupiga. Mikono yangu ilikuwa imejaa.)