Kukausha Hewa ya Kilima

Jumatatu, 10 Machi 2025
Asubuhi ukungu. Mzito, umelala juu ya kilima chetu cha Ganako kama mgonjwa asiyetaka kuamka. Nyuzi 14.

Kipimo cha saa kumi na mbili: kibaya. Nimekiandika hivyo hivyo.

Dokta Fabian, mtaalamu wa nyota, amenieleza tena, polepole, kama anayezungumza na mbuzi. Kuna galaksi za mbali mno, hafifu mno. Mawimbi yake, ya urefu wa milimita moja hivi, yamesafiri mabilioni ya miaka. Yakifika hapa kwetu, mvuke wa maji angani unayameza! Kwa hiyo darubini itajengwa penye hewa kavu zaidi: kilimani kwetu au Olbalbal. Mashine moja ya kupimia mvuke iko hapa, naitunza mimi, nyingine kule. Uamuzi Jumapili.

Kilima kikishinda, nina kazi ya kudumu. Kikishindwa, narudi kuchambua mbaazi za wifi Hyasinta, na maneno yake juu.

Jumanne, 11 Machi
Ukungu. Kipimo kibaya.

Saning'o, mtunza mashine wa Olbalbal, amepiga simu kuniuliza kama nimeshaanza kufuga samaki huku juu. Akajisifu kwamba kwake hata ng'ombe wanakohoa vumbi. Kisha akasema wametembea kutwa kutafuta maji, ndama wawili hawakurudi. Nimempa pole. Halafu nikaandika pembeni: hewa yake kavu sana. Mimi ni mtu mbaya.

Jumatano, 12 Machi
Jumuiya imekutana kwa Mama Patrisi kuomba mvua, mahindi hayajaota. Nani aongoze? Mimi, Laurencia, maana nimesoma. Kwa sauti nimeomba mvua. Kimoyomoyo nimeomba isubiri hadi Jumatatu. Tulipotoka, manyunyu! Mungu amesikiliza sauti.

Lakini nina mpango. Dokta alisema anataka hewa kavu kama ya ndani ya tanuri. Masika sisi hukausha sare za shule kwa jiko la mkaa. Kwa nini si hewa?

Alhamisi, 13 Machi
Mawingu. Nimeazima majiko manne makubwa ya jumuiya, yale ya misibani. Mama Patrisi akauliza nani amefariki. Nikajibu bado hakuna. Jibu la kijinga!

Saa nne nimeyawasha na kuyapanga kuizunguka mashine. Ukungu ukapungua kweli! Saa tano wakapanda wanawake ishirini na mmoja, na unga, na kuni, na vilio. Wifi Hyasinta mbele, akilia kuliko wote, akiuliza mwili uko wapi. Wakaizunguka mashine. Mmoja akalipapasa lile sanduku lake jeupe, akaliambia pumzika, mama. Niliposema hakuna maiti, wifi akapiga kelele kwamba kasaga unga wake bure, basi nife mimi ili usiharibike. Wakausonga hapo hapo, kwa hasira. Wameondoka saa kumi.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua. Hakuna anayenisalimu.

Jumapili, 16 Machi
Jua kali tangu alfajiri. Sasa ndiyo!

Dokta Fabian amekuja na grafu. Kumbe mashine hupima mng'ao wa mvuke, na katika mawimbi hayo kila chenye joto hung'aa. Majiko manne na wanawake ishirini na mmoja. Kwa Alhamisi, kilima kimeonekana kama kinaungua. Akauliza kwa upole palikuwa na nini. Nikasema msiba. Akavua kofia.

Kisha akasema neno ambalo afadhali angekaa nalo. Usiku, mashine ikiendelea kupima yenyewe, ukungu hushuka bondeni, na kilele hubaki juu yake, kikavu. Bila Alhamisi, ambayo haifutiki kwenye wastani, tulikuwa tunaongoza. Kidogo tu, lakini tunaongoza.

Olbalbal imeshinda. Saning'o amepiga simu, hakutania hata kidogo. Amesema pole, dada. Hiyo imeuma zaidi.

Wifi amenisogezea gunia la mbaazi bila neno. Maneno yamefuata baadaye, mengi.

Jioni Angela, jirani yetu, amenipa habari: Endamarariek kuna watu wa miche wanatafuta mtu makini wa kusoma kipima mvua. Panaponyesha zaidi ndipo watakapoweka kitalu, na msomaji atabaki na kazi. Nimeandika barua, mwandiko safi, hakuna kufutafuta. Pia nimetia birika dogo la maji kwenye mkoba, endapo mawingu yatachelewa.

Nalala, saa sita kasorobo.