Mate ya Kuazima

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku kubwa! Mkutano kwenye ukumbi wa kijiji, watu wamejaa hadi kwenye rafu za viatu. Daktari Onodera Chizuru wa chuo kikuu, binti mwembamba mwenye begi kubwa kuliko yeye, katangaza kwamba yule mwanamke aliyefukuliwa kwenye jaa la kale la magamba, nyuma ya shule, ana miaka elfu nne. Elfu nne! Wamempa jina la Mama Chaza kwa sababu alizikwa na bangili ya gamba. Wamepima mfupa wake, wakasoma herufi za vinasaba vyake, wakapata ukoo wake, unaitwa M7a. Sasa wanataka mate yetu. Atakayelingana naye herufi kwa herufi ndiye atakayefunua sanamu ya sura yake siku ya kufungua makumbusho, na picha yake itatundikwa ukutani milele.

"Milele" nimelipigia mstari.

Maelezo mengine sikuyasikia. Nilikuwa nahesabu watu wanaonizidi kustahili. Sikumpata hata mmoja. Sisi kina Kuramochi tumetengeneza achari za figili hapa kijijini kwa vizazi kumi na tano, wa kumi na tano ndiye mimi, Tokuji, na makaburi yapo. Kisha nani kanyoosha mkono? Shirahata Mosaku, kinyozi! Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mosaku hakuoa, aliolewa. Alihamia kwa kina Shirahata, akachukua jina la mkewe, lake akaliacha mlangoni pamoja na viatu. Nikamuuliza mbele za watu tangu lini mwanamume aliyeolewa akawa na ukoo. Akajibu kwamba walau yeye ananukia sabuni. Watu wakacheka zaidi ya walivyocheka langu. Hawana adabu.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimempelekea Daktari daftari letu la ukoo, nimelifunga kwa kitambaa cha hariri. Kalifungua kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akageuza kurasa, kisha akasema kwa upole kwamba hawa wote ni baba. Yeye anatafuta mama. Ati ndani ya mwili kuna kitu kinaitwa mitokondria, mtu hukirithi kwa mama yake tu, mama naye kwa mama yake, uzi mmoja usiokatika hadi kwa Mama Chaza. Baba hachangii. Nikauliza, hata kidogo? Akasema hata kidogo.

Vizazi kumi na tano havina thamani ya figili moja!

Na mama zetu je? Balaa tupu. Desturi ya nyumba yetu ni kuleta bibi harusi kutoka mbali, ili akigombana na mama mkwe asikimbilie kwao. Mama yangu alitoka pwani ya upande wa pili, kwenye theluji, mwaka 1953, na cherehani mgongoni. Siku aliyofika alishuka ufukweni, akala chaza mbichi amesimama, akasema amefika nyumbani. Kijiji kizima kilimcheka. Waliendelea kumwita "yule wa theluji" mpaka tukamzika.

Mke wangu Fusae alikuwa anakata figili. Akaniambia, "Si upime tu, Baba Misaki, ujue?" Kujua! Nani anataka kujua? Nataka kushinda.

Jumatano, 9 Oktoba

Tumegawiwa vijiti vya pamba, viwili kila mtu, kimoja cha akiba. Unajisugua ndani ya shavu, unakitia kwenye kichupa chenye jina lako, mwisho kesho. Akili yangu imefanya kazi usiku kucha na imezaa matunda. Bi Natsu! Ana miaka tisini na moja, mchokoa chaza, binti wa mchokoa chaza, mjukuu wa mchokoa chaza, na aliolewa nyumba ya tatu kutoka kwao. Kama Mama Chaza yumo mdomoni mwa mtu, yumo kwenye mdomo ule wenye meno manne.

Nikamwendea na mtungi wa plamu za chumvi. Nikamwambia nina kijiti kipya cha kupimia kama chumvi imezidi, asugue shavuni. Akanitazama weee. Akauliza kama marehemu baba yangu naye alikuwa na wazimu huu au nimeuanza mimi. Kisha akasugua. Akasema leo ni siku ya vijiti, maana hicho ni cha pili. Uzee huo, nikasema moyoni. Akabaki na mtungi wote.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimekabidhi kichupa. Jina langu, mate ya Bi Natsu. Daktari kainama kunishukuru, nami nikainama zaidi.

Kijiti changu kisafi nilikitupa. Kisha nikaenda kunyoa kusherehekea. Mosaku leo kawa mtamu kama asali! Taulo ya moto mara mbili. Akaniingiza kijiti cha pamba shavuni, akakizungusha, ati kinavuta ngozi wembe upite vizuri, ufundi mpya kutoka mjini. Akaniuliza tena sisi ni vizazi vingapi. Nikasema kumi na tano. Akasema, "Safi sana, Mzee Kuramochi, safi sana," na kijiti hakukitupa, alikiweka kwenye droo. Tabia yake mbaya, lakini nakiri ni mtu nadhifu.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku ya majibu.

Daktari kaanza kwa kusema kuna jambo limemfurahisha. Vichupa viwili vimelingana kabisa, hakuna herufi iliyopishana: cha Bi Natsu na cha Bwana Kuramochi Tokuji. Si ukoo wa Mama Chaza, ni mwingine, D4. Lakini watu wanaolingana hivyo mara nyingi ni wa tumbo moja, au mama na mwana. Akauliza kwa tabasamu kama sisi ni ndugu.

Mnong'ono ukazuka. Mama muuza samaki alianza kuhesabu kwa vidole: mimi nimezaliwa 1956, Bi Natsu mwaka huo alikuwa na ishirini na tatu. Ukumbi mzima ukageuka kuitazama pua yangu. Nikamtazama Bi Natsu anitetee. Akasema, "Baba yake alikuwa mwanamume mzuri, jamani," akaomba chai.

Baba yangu! Kuramochi wa kumi na nne, ambaye hakuwahi hata kupiga mluzi! Ningeweza kusimama nikasema mate yale ni ya kuazima, baba akatakata. Au ningekaa kimya nikapona mimi. Nikakaa kimya. Nisamehe, baba.

Kisha likaja la pili. M7a, amelingana na Mama Chaza herufi kwa herufi: Shirahata Mosaku. Aliyeolewa! Alikuwa mweupe kama taulo yake.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimehudhuria kwa sababu Fusae alinivuta kwa mkono wa nguo. Mosaku kavaa vazi rasmi la kukodi, akavuta kitambaa. Sura ikatokea. Paji pana, nyusi nene, jicho moja limefinywa kidogo kama la mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Fusae akasema, kwa sauti, "Mbona huyu ni mama mkwe!"

Daktari akatueleza kwamba sura ni kazi ya mchongaji tu, haisomwi kwenye uzi wa mama. Sawa. Lakini Mosaku alikuwa ananitazama huku jasho linamtoka, na Novemba yote hii! Fusae akaniuliza nilinyoa lini mara ya mwisho. Nikamweleza habari za taulo mbili, na ufundi mpya, na kijiti. Akaweka chini bakuli la supu ya chaza tuliyogawiwa wageni. Alicheka mpaka akashika nguzo.

Ndipo nikaelewa. Kijiti! Droo! Mate yale ni yangu! Na uzi ule si wa kina Kuramochi, wala si wa kina Shirahata. Ni wa mama. Yule wa theluji, wa cherehani, aliyechekwa miaka yote, alikuwa amefika nyumbani kweli. Nililia, sifichi. Watu waliponiuliza nikasingizia haradali ya kwenye supu.

Nikataka kupiga kelele pale pale. Lakini nikisema mate ya Mosaku ni yangu, wataniuliza yangu yalikuwa ya nani. Mosaku naye hawezi kufungua mdomo. Tukainamiana, chini sana, kila mmoja akimsubiri mwenzake ainuke kwanza. Picha yake imetundikwa. Milele.

Jioni nikapeleka bakuli la chaza kaburini. Nikamwambia, "Karibu nyumbani, mama." Fusae akasema mama hali maneno. Niende kwa Daktari, nikiri, nisugue shavu langu kwa kijiti changu. Aibu ya nusu saa, na baada ya hapo jina la mama litakuwa ukutani na baba atapumzika na uvumi wa Bi Natsu. Nimeahidi. Jumatatu, asubuhi na mapema.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimekwenda. Naapa nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Daktari akanitangulia, macho yanang'aa: wamefukua mifupa ya mwanamume kando ya Mama Chaza! Na safari hii watatafuta uzi wa baba, baba kwa mwana. Sanamu yake nayo itafunuliwa msimu wa maua.

Baba kwa mwana! Vizazi kumi na tano! Nilisahau kilichonipeleka. Nilikimbia nyumbani, na kwa mara ya kwanza maishani nikalisoma daftari la ukoo badala ya kulionyesha tu. Kuramochi wa nane: aliolewa. Wa kumi na moja: aliolewa. Wa kumi na tatu, babu yangu mzaa baba, ndevu mpaka kifuani: aliolewa, kutoka kwa wauza mishumaa wa Osaka.

Nilifunga daftari nikakaa juu ya jiwe la kukandamizia achari. Kisha akili ikarudi kazini. Mosaku jina lake ni la kuolewa, sawa, lakini baba ni wake mwenyewe, na watu wa kwao ni wavuvi wa rasini, wanaume watupu, hawajahama tangu dunia iumbwe. Nimeshafunga kijiti cha pamba kwenye leso. Kesho nakaa kwenye kiti chake, na taulo ikipoa nitamwambia afungue mdomo kidogo, kuna ufundi mpya kutoka mjini.

Fusae kaniuliza kama nimemwambia Daktari ukweli. Nimemjibu nitamwambia, lakini nikanyoe kwanza.